Uzito wa ujazo: kwanini boksi la kilo 4 linalipiwa kilo 24

Mtu anauza vitu onlaini, anaweka boksi kwenye mizani linasoma kilo 4, anamtajia mteja nauli ya kilo 4, halafu bili ya msafirishaji inakuja imeandikwa kilo 24. Wazo la kwanza ni kwamba kaibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, hizo kilo 24 ndo zinaitwa uzito wa ujazo, na kama unatuma bidhaa kwa wateja au unasambaza kwenye maduka ndani ya kanda yako basi hii hesabu ndo inaamua kama oda imekupa faida au umefanya kazi ya bure.

Uzito wa ujazo ni kilo zinazotokana na nafasi ambayo mzigo umechukua, sio zile za mizani. Gari lolote la mizigo lina mipaka miwili, uzito linaoruhusiwa kubeba na nafasi iliyopo ndani. Chukua trela la mita 13.6, linabeba kama tani 24 hivi na ndani lina karibu mita za ujazo 90. Lijaze mito ya kulalia uone, nafasi inaisha ukiwa na tani 3 tu au karibu na hapo, na dereva ni yuleyule, barabara ileile, na mafuta yanapungua kidogo tu. Sasa zile tani 21 ambazo hazikupakiwa nani azilipie? Msafirishaji akichaji kilo za mizani peke yake anafunga biashara, kwahiyo anapiga hesabu zote mbili, ya mizani na ya ujazo, halafu unalipia iliyo kubwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, halafu gawa kwa namba ya kugawia anayotumia msafirishaji. Boksi la mito la 60 kwa 50 kwa 40 linatoa 120,000, ukigawa kwa 5,000, ambayo ndo namba ya kampuni nyingi za vifurushi vya haraka, unapata kilo 24. Shehena ya kawaida ya ndege wanagawa kwa 6,000, inakuwa kilo 20. Kwenye maloli wengi wanahesabu mita moja ya ujazo kama kilo 333, yaani ni kama unagawa kwa 3,000, hapo boksi lilelile linageuka kilo 40. Kwenye meli, mzigo wa kuchangia kontena na watu wengine, CBM moja, yaani mita moja ya ujazo, inahesabiwa sawa na tani moja, kwahiyo mzigo mwepesi unalipiwa kwa CBM na kilo hazina kazi kabisa.

Angalia hapo vizuri, namba ya kugawia ikiwa ndogo kilo zinapanda. Ndo maana kuuliza "kilo moja bei gani?" ni nusu ya swali, na hii naona ndo inawaumiza watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Msafirishaji wa kwanza anagawa kwa 5,000, wa pili bei yake kwa kilo iko chini kwa robo nzima ila anagawa kwa 3,000. Kwa lile boksi letu wa kwanza anakuchaji kilo 24, wa pili anakuchaji kilo 40 ambazo hata ukitoa ile robo ni sawa na kulipia kilo 30 kwa bei ya yule wa kwanza. Umekimbilia bei ndogo umelipa zaidi.

Marekani vifurushi vidogo vya barabarani vilikuwa vimesamehewa hii hesabu kwa muda mrefu, mpaka kampuni ya vifurushi ya UPS walipoanza kuitumia kwa vifurushi vyote mwishoni mwa Desemba 2014 na washindani wao FedEx wakafuata Januari 2015. Biashara ya mtandaoni ilikuwa imejaza magari maboksi makubwa mepesi, ndani kitu kidogo na hewa nyingi.

Na hewa ndo unayoweza kuipunguza wewe mwenyewe. Chukua pea moja ya viatu, boksi lake ni 34 kwa 22 kwa 13, ukigawa kwa 5,000 haifiki hata kilo 2. Sasa mfungaji hana boksi la saizi hiyo, anachukua lililopo stoo la 40 kwa 30 kwa 20, anajaza makaratasi pembeni, anapiga tepu. Tayari ni kilo 4.8, na kwakuwa wengi wanapandisha mpaka nusu kilo au kilo kamili inayofuata unalipia 5. Viatu ni vilevile vya kilo moja na kidogo. Mteja akisema havimtoshi vinarudi kwenye boksi hilohilo, kilo 5 nyingine, na kama ulitoa ofa ya usafiri bure hapo kilo 10 zote zako. Kuwa na saizi nne tano za maboksi stoo, pamoja na mifuko migumu ya plastiki kwa vitu visivyovunjika, kunaokoa hela kuliko kubembeleza punguzo la nauli.

Ukiuza misumari au vigae haya hayakuhusu sana, boksi dogo la kilo 25 ujazo wake hauzifikii kilo hizo, unalipa za mizani.

Kwenye kupima wanachukua sehemu iliyotokeza zaidi. Boksi lililovimba katikati linapimwa pale palipovimba, zulia lililoviringishwa linahesabiwa kama boksi la mraba hata kama pembeni ni patupu, na mpini uliochomoza sentimita 10 unaongeza sentimita 10 kwenye boksi zima. Mashine za kupimia kwenye mkanda unaopitisha vifurushi hazina huruma. Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo, nazo zina kesi yake, ukiandika isiwekewe kitu juu utachajiwa mpaka dari la gari hata kama mzigo wako umeishia kiunoni, maana hapo juu hakuna mwingine atakayepakia. Kwahiyo usiandike hivyo kwa mazoea, andika pale tu kitu kinaweza kupondeka kweli.

Kabla hujakabidhi mzigo weka futi kwenye pande zote tatu, piga picha namba zikisomeka, hifadhi na namba ya oda. Vipimo vya bili vikija tofauti na vyako tuma picha mapema, kwasababu wasafirishaji wengi wanaweka muda wa kupinga bili na ukishapita hawafungui tena hiyo kesi.