Kumleta mtoto mdogo nyumbani kutoka ughaibuni: maswali na majibu

Majibu haya yanawahusu wazazi wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini na wanaotarajia kumleta Tanzania au Kenya, kwa babu na bibi, mtoto mwenye umri wa kati ya mwaka 1 na 3.

Swali: Sisi tumekulia Tanga na malaria tuliizoea. Kwa nini mtoto anywe dawa ya kinga ilhali anakuja kwao?

Jibu: Kinga mliyokuwa nayo ilijengwa na kuugua mara kwa mara tangu utotoni, haikuwa kamili, na hupungua mtu anapokaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, kwa hiyo hata ninyi msiitegemee. Mtoto aliyezaliwa Birmingham au Hamburg hana kinga hiyo kabisa. Kimelea cha *Plasmodium falciparum*, ambacho ndicho kilichoenea zaidi Afrika Mashariki, kinaweza kumfikisha mtoto wa umri huu kwenye degedege, upungufu mkubwa wa damu au kupoteza fahamu katika muda wa siku moja au mbili tangu homa ianze. Katika maandalizi yote ya safari hii, hakuna jambo lenye uzito kuliko hili.

Swali: Atatumia dawa gani, na atamezaje wakati hata dawa ya kikohozi huitema?

Jibu: Klorokwini haifai tena katika ukanda huu kwa sababu vimelea vimekuwa sugu, na dawa ya malaria iitwayo mseto ni ya kutibu, si ya kujikinga. Dawa inayotumika sana kwa watoto ni vidonge vidogo vyenye atovakwoni na proguanili, ambavyo huanza kutumiwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, huendelea kila siku, na humalizika siku 7 baada ya kuondoka. Daktari hupanga kipimo kwa kilo, kwa hiyo mtoto apimwe uzito karibu na tarehe ya safari. Kidonge kinaweza kusagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo, tena kinyweke pamoja na chakula, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kufyonzwa mwilini. Akitapika kabla ya saa 1 kupita, arudiwe dozi. Zile siku 7 za mwisho, wakati mizigo imeshafunguliwa na wazazi wamerejea kazini, ndizo rahisi kusahaulika, na zisiachwe hata moja.

Swali: Akishakunywa dawa, chandarua bado ni lazima?

Jibu: Ni lazima, kwa sababu hakuna dawa inayokinga kikamilifu. Mbu wa malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, yaani saa zile ambazo mjukuu huwa barazani mapajani mwa bibi, miguu ikiwa wazi. Avalishwe suruali na soksi nyepesi kabla ya magharibi, na apakwe dawa ya kufukuza mbu yenye DEET isiyozidi asilimia 30, isipokuwa viganjani, maana vitaingia mdomoni. Mchana kuna mbu wengine, wanaoeneza dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na dawa ya malaria haiuzuii.

Swali: Tumesikia Kenya inatoa chanjo ya malaria. Apewe?

Jibu: Chanjo hiyo, iliyoanza kutolewa huko mwaka 2019, ni ya watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria nyingi. Hutolewa kwa dozi kadhaa za miezi mingi, wala haikupangwa kwa wasafiri.

Swali: Chanjo zipi zinahitajika?

Jibu: Nendeni kliniki na kadi ya mtoto wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Surua ipewe uzito: dozi ya pili inaweza kutolewa mapema, ilimradi wiki 4 zimepita tangu ile ya kwanza. Ulizeni pia kuhusu homa ya ini aina ya A na homa ya matumbo. Chanjo ya homa ya manjano hutegemea njia mtakayopita, na cheti chake huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano.

Swali: Akiharisha?

Jibu: Apewe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kidogo kidogo kwa kijiko baada ya kila choo, ikichanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na itakayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Aendelee kula, na kunyonya ikiwa bado ananyonya. Dawa za kufunga choo asipewe. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Swali: Tumesharudi, na sasa ana homa na mafua. Tusubiri?

Jibu: Msisubiri. Homa yoyote inayotokea baada ya wiki 1 tangu kufika Afrika Mashariki, na hadi mwaka 1 baada ya kuondoka, ichukuliwe kuwa huenda ni malaria mpaka vipimo vikatae, hata kama mtoto alikunywa dawa yote na anakohoa kama wenzake wa chekechea. Daktari wa Ulaya huenda asiifikirie malaria, kwa hiyo mwambieni tangu mwanzo mlikuwa nchi gani na mliondoka lini, kisha ombeni damu ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.