Protini za kuundwa maabara na watoto wenye kinga dhaifu

Protini ya kuundwa ni protini ambayo wataalamu wameirekebisha kwa makusudi, ama kwa kubadili asidi amino zake (vipande vidogo vinavyoiunda) ama kwa kuiongezea kitu, ili itumike kama dawa. Haihusiani na lishe. Mtoto akiimeza, tumbo litaisaga kama chakula kingine, kwa hiyo hutolewa kwa sindano.

Chukua ADA (adenosine deaminase), kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Kazi yake ni kuondoa sumu inayobaki pale DNA inapovunjwavunjwa mwilini. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake. Kwao sumu hiyo hulimbikizana na kuua limfosaiti, chembe nyeupe zinazoongoza kinga. Mtoto huandamwa na nimonia, kuhara kusikokoma na utando mweupe mdomoni usiosikia dawa. Hata chanjo ya kifua kikuu, BCG, kwa kuwa ina bakteria hai, inaweza kumletea ugonjwa.

Kwa nini asidungwe tu ADA ya kawaida? Kwa sababu haikai: mwili huiondoa kwenye damu upesi mno. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha pegademase, yaani ADA ya utumbo wa ng'ombe iliyovikwa minyororo ya kemikali iitwayo polietilini glikoli kama koti. Ikadumu siku kadhaa, sindano zikawa moja au mbili kwa wiki. Mwaka 2018 ikaja elapegademase, inayozalishwa na bakteria, na asidi amino moja imebadilishwa ili isiharibike haraka. Ng'ombe hahitajiki tena.

Hila hiyohiyo ya kurefusha muda imo katika nirsevimab, kingamwili (protini ya kinga inayonasa vimelea) dhidi ya virusi vya RSV vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga. Asidi amino tatu tu zimebadilishwa kwenye mkia wake, na dozi moja hulinda kwa takriban miezi 5. Palivizumab, iliyoitangulia, ilidungwa kila mwezi. Kwa mtoto ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili za kutosha, hii ni kinga ya kuazima, nayo huisha.

Sindano za ADA nazo haziponyi jeni. Zikisimamishwa, sumu hurudi, na hata zikiendelea kwa miaka, limfosaiti za wengi hubaki chini ya kiwango cha kawaida. Ndiyo maana akipatikana ndugu ambaye uboho wake unalingana, madaktari hupendelea upandikizaji, na sindano hutumika kumwimarisha mtoto wakati maandalizi yakiendelea.