JPEG haipaushi picha zako

Wahariri wengi wa picha huilaumu JPEG, aina ya faili la kuhifadhia picha. Majani ya mgomba yamekolea kijani ndani ya programu ya kuhariri ya Photoshop, lakini picha ikishahifadhiwa na kufunguliwa kwenye simu, yamepauka. Basi mtu hukoleza rangi, huhifadhi tena, na kuzidi kuiharibu kazi nzuri. Inauma kuona.

JPEG hubana picha na kupoteza maelezo madogomadogo, ni kweli, ila kupauka kwa picha nzima kwa kawaida hutokana na wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema namba za rangi zisomwe kwa mfumo gani. Namba peke yake haitoshi kuonyesha rangi kamili: kijani cha 255, kiwango cha juu kabisa, katika mfumo wa rangi wa Adobe RGB (1998) kimekolea kuliko kijani cha 255 katika sRGB, mfumo ulioanzishwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Wasifu usipoambatanishwa, programu nyingi huzisoma namba hizo kama za sRGB.

Kabla ya kuhifadhi, igeuze picha iwe sRGB, kisha uambatanishe wasifu. Igeuze kwelikweli: kuipachika tu lebo ya sRGB huacha namba zilezile, na majani yatapauka palepale mbele yako.