Vifo vinavyozuilika ni vifo gani?

Kifo kinachozuilika si lazima kiwe na mkosaji. Ni kifo kilicholetwa na tatizo ambalo kinga au tiba yake inajulikana na kwingine inaokoa watu kila siku. Babu wa miaka 95 aliyezimika usingizini hahesabiwi humo. Nchi nyingi tajiri hukomesha hesabu hii kwenye umri wa miaka 75.

Wataalamu huvigawa mafungu mawili: ugonjwa ambao ungezuiwa usitokee, kama saratani ya mapafu ya mvuta sigara, na ule ambao ukishatokea ungetibika. Mgawanyo mzuri, ila wodini mambo huchanganyika.

Chukua leba. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi duniani. Dawa ipo, sindano ya oksitosini, ingawa inataka jokofu. Basi mama anafaje? Mara nyingi damu haikuonekana kuwa ni nyingi. Nyingine imenywewa na kanga, nyingine na pamba, nyingine iko sakafuni, na mkunga anakadiria kwa jicho. Nusu lita iliyozama kwenye kanga haimshtui mtu.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Katika baadhi yake waliweka chini ya mzazi shuka la plastiki lenye mfuko wa mistari ya kipimo. Damu ikawa inasomwa kama mafuta ya taa kwenye chupa. Ikifika mstari wa hatari, matibabu yote yanatolewa kwa mpigo, si moja baada ya jingine. Hospitali hizo ziligundua asilimia 93 ya waliovuja damu kupita kiasi. Zilizobaki na utaratibu wa zamani ziligundua kama nusu tu. Kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufa, kwa jumla, kulipungua kwa asilimia 60.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Maumbile ya wanawake hayakubadilika katika miaka hiyo. Ila tarakimu hizo hutokana na kuwauliza watu habari za dada zao, kwa hiyo mimi huamini mteremko wenyewe kuliko ile 4 ya mwisho.