Eti bahari ikitulia ndio siku ya kujifunza windsafingi

Jamani nimechoka. Kila mgeni anayetaka kujifunza windsafingi, yaani kuendesha ubao wenye tanga, akinipigia ni hilohilo, "kocha, Kendwa maji yametulia kabisa, kwanini unanipeleka Paje kwenye mawimbi?" Haya naandika mara moja, nikiulizwa tena nakutumia hii.

Kendwa iko magharibi ya Unguja. Kusi linatoka kusini mashariki, kaskazi linatoka kaskazini mashariki, yaani msimu wowote upepo unavuka kisiwa kwanza halafu ndio unaingia baharini ukielekea nje. Wimbi linataka eneo refu la maji wazi la kupulizwa na upepo ili likue na pale ufukweni halijalipata, minazi na mahoteli nayo yanakinga, ndio unaona shwari. Sasa toka mita mia mbili tatu uone. Upepo umekaza, wewe kubisha (kwenda kinyume na upepo) hujui, kila ukianguka unazidi kwenda demani, yaani unakoelekea upepo, na demani yenyewe ni mkondo wote wa bahari mpaka bara. Walioko ufukweni wanaona migongo ya mawimbi tu wanadhani unaenjoi.

Paje iko mashariki, upepo unakuja ubavuni ukielekea ufukweni, ukishindwa unakurudisha wenyewe, utatembea mchangani unavuta ubao, aibu kidogo yameisha. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani huko nje.

Mimi kipimo changu ni kisogo. Simama uangalie bahari, upepo ukikupiga kisogoni usiingie hata kama umeshalipa. Na alfajiri hata huku mashariki upepo wa nchi kavu unaweza kuwepo, kunywa chai usubiri ugeuke.

Halafu kuna wa "ukichukuliwa acha ubao uogelee". Hapana! Ubao wa ujazo wa lita 200 ndio boya lako, lala juu yake upige maji kwa mikono, tanga likikushinda lichomoe uliache liende zake, tutadaiana nchi kavu. Ukiona boti, inua na kushusha mikono yote miwili polepole.

Wengine wanasema lazima uwe na nguvu za mikono. Sio kweli, kazi ni ya uzito wa mwili na miguu, wanaume wa jim ndio wanachoka mapema maana wanavuta tu. Upepo wa noti (kipimo cha kasi) 8 hadi 12 na tanga dogo unatosha kuanzia.

Wa Mwanza nao wanasema ziwa halina chumvi wala papa so ni salama. Na kichocho je? Kiko, hasa penye majani na konokono, na ukipima kesho yake hakionekani, subiri wiki kadhaa ndio upime, dawa ipo. Radi na dhoruba za Ziwa Victoria pia sio za kujaribu, hasa zile za usiku kuamkia asubuhi.

Mabingwa msicheke, nyie mnajiona mshapita kwenye kuangalia jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, Paje maji yanakupwa mpaka mwamba uko wazi, na ukija kasi fini (pezi la chini ya ubao) ikanasa kwenye vigingi vya mashamba ya mwani utaruka mbele ya tanga, na kamba za kina mama wanaolima mwani utawalipa.