Kijana mrefu hachaguliwi kwa ajili ya msimu ujao

Kila ifikapo Novemba, mashabiki wa AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia (si soka: hapa mpira hupigwa teke na pia hudakwa kwa mikono), huanza kubishana kuhusu vijana ambao wengi hawajawahi kuwaona wakikutana na watu wazima uwanjani. Nani anastahili kuwa wa kwanza, nani kapitwa, klabu gani imepoteza nafasi yake. Kazi yangu ni kuchambua video za vijana hao, na mabishano haya nayapenda. Kinachoniumiza ni kumpima beki mrefu kwa kipimo cha kiungo.

Kwa msomaji mgeni: katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu, klabu iliyoshika mkia ndiyo huanza kuchagua, na kijana lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo Desemba 31. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanapangwa pamoja, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima wa kukua. Kiungo mfupi mwenye kifua na mapaja yaliyokwisha jaa hasumbuliwi sana na pengo hilo. Lakini kijana wa mita mbili, ambaye mifupa imetangulia na misuli bado iko njiani, anapangiwa kumkaba mshambuliaji wa miaka 28 mwenye kilo 100. Atasukumwa, ataanguka, na shabiki atasema klabu imeliwa.

Tazama drafti ya 2021. North Melbourne, waliokuwa wa mwisho, walimchukua Jason Horne-Francis. Chaguo la 4 lilikuwa Nick Daicos. Gold Coast Suns walimtaja kuwa chaguo lao, lakini Collingwood wakamchukua kwa haki ya baba na mwana, kwa kuwa baba yake, Peter, aliichezea klabu hiyo mechi 250. Hapo Gold Coast wakamgeukia Mac Andrew, chaguo la 5: kijana mwembamba mno aliyezaliwa Cairo katika familia ya Sudan Kusini na kukulia Melbourne. Alikuwa ameandaliwa katika akademi ya klabu ya Melbourne, ila kanuni za mwaka ule ziliizuia klabu kumdai kijana wa akademi ya aina ile ndani ya chaguo 20 za kwanza.

Mwaka uliofuata Daicos akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Andrew hata namba ya kudumu kikosini hakuwa nayo. Ulinganisho ulikuwa rahisi na haukuwa wa haki, maana Daicos ni kiungo. Kufikia 2024 Andrew alikuwa nguzo ya ulinzi wa Gold Coast, na Agosti mwaka huo alifunga goli baada ya king'ora cha mwisho kulia, Essendon wakalala.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna jina linalopaswa kujulikana zaidi: Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto. Sydney Swans walimchagua mwaka 2013, akiwa chaguo la 44. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliipata 2016. Timu bora ya msimu, ile ya Australia nzima, aliingia 2021, akiwa na Port Adelaide. Miaka minane! Shabiki aliyetoa hukumu mwaka wa pili alihukumu kazi ambayo haijaanza.

Basi mimi natazama nini? Vipimo vya kambi ya majaribio, yaani mbio za mita 20, mbio za kilomita 2 na kuruka juu, navisoma haraka na kuendelea. Muda wangu mwingi unakwenda kwenye sekunde moja: adui anapojiandaa kupiga mpira, miguu ya beki wangu inafanya nini? Nasimamisha video mguu unapougusa mpira. Beki wa kawaida bado anamtazama mtu wake. Mwenye kipaji ameshamwacha, amepiga hatua mbili kuelekea mahali mpira utakapodondokea, na mabega yake yamegeuka. Aliir ameijenga kazi yake yote juu ya hatua hizo mbili. Kilo huongezwa gym. Hatua hizo sijaona gym inayozitoa.

Halafu naangalia robo ya nne, mapafu yamekwisha na timu iko nyuma. Anaendelea kuruka kuupiga mpira ngumi hata anapojua hataudaka? Anainuka haraka akiangushwa? Klipu za dakika tatu zinazosambaa mitandaoni haziwezi kukuonyesha hayo, kwa sababu aliyezikata alitafuta magoli na midako ya kuvutia. Ukitaka kubishana vizuri Novemba hii, tafuta mechi nzima za mashindano ya majimbo ya chini ya miaka 18, chagua beki mmoja mrefu, na usimtoe machoni hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.