Nduthi ikianza kulia, usikimbilie injini

"Sauti inatoka chini ya tangi, kwa hivyo ni injini." Mwaka juzi niliiamini kauli hii. Pikipiki yangu ilikuwa ikilia cha-cha-cha kila nikishika Jogoo Road hapa Nairobi. Fundi akasema ni ringi za pistoni, tufungue. Nilishaanza kuulizia bei za spea Kirinyaga Road (wazee bado huiita Grogan) ndipo nikagundua ni skrubu moja ya ngao ya bomba la moshi iliyolegea. Fremu ni chuma, nayo hubeba sauti. Bearingi ya gurudumu la nyuma inaweza kuunguruma ukaapa iko katikati ya magoti yako.

Kabla ya kushika spana, chunguza mlio unafuata nini. Tafuta barabara tupu, Jumapili asubuhi hivi, kamata klachi pikipiki ikiwa bado inakwenda, injini irudi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini. Mlio ukishuka nayo, tafuta kwenye injini au bomba. Ukiendelea kufuata gurudumu, angalia cheni, bearingi na breki. Kisha weka stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na utege sikio.

"Cheni ikilia, ikaze." Mara nyingi imekauka tu, hasa baada ya kuoshwa kwa presha. Ukiikaza kupita kiasi, ukipiga tuta na abiria nyuma itavutika zaidi, na bearingi ndizo zitalipa. Nduthi nyingi za kazi hutaka cheni icheze takriban milimita 20 hadi 30. Fuata kitabu cha yako. Pima sehemu kadhaa, maana cheni iliyochakaa hukaza huku na kulegea kule.

"Injini iliyo nzima haina tiki-tiki." Hii naiogopa kuliko zote. Tapeti, zile zinazosukuma valvu za injini, zikilegea kidogo hupiga kelele. Zikibana hunyamaza, huku valvu haifungi sawasawa na inaungua polepole. Nafasi ya tapeti hupimwa kwa fila (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), injini ikiwa baridi. Sikio halitoshi.

Na oili nzito ya kuzima kelele? Inaificha tu. Ukitia ya gari ndiyo balaa: klachi ya nduthi nyingi huogelea katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza. Utajua siku unapanda Valley Road na abiria, injini inanguruma, nduthi haisongi.